Trent Anachagua Rivolva

Trent Vickery alikuwa ameangalia video arobaini na moja. Alizihesabu mwenyewe, na alimtajia Opal idadi hiyo kabla hata hajafunga mlango wa duka, kwa sauti ya mtu anayekutajia shahada zake.

"Arobaini na moja, Shangazi. Kwa hiyo usijisumbue kunielekeza. Umekuja tu kunisindikiza."

Opal Dressler alitangulia ndani. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akisambaza barua mashambani. Kazi ile humfundisha mtu kwamba mbwa anayebweka nyuma ya uzio hana haja ya kuokotewa jiwe. Mwache abweke, atachoka. Tatizo ni kwamba Trent alikuwa hachoki. Jolene, mpwa wake Opal, alikuwa na jimbo zima la Ohio lililojaa wanaume, akawapita wote, akaenda kuolewa na huyu, muuza mabwawa ya kuogelea katika wilaya ambayo theluji hukaa miezi mitano bila kuaga.

Lakini Opal alimhitaji, na hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mambo yalikuwa hivi. Klabu ya shabaha ya Tanner Ridge ilikuwa na wanachama tisini. Themanini na sita walikuwa watu wa bastola za magazini, zile zinazobeba risasi kumi na saba tumboni na kuzitapika kama mtu aliyekula kiporo. Wanne waliobaki walikuwa watu wa rivolva, risasi sita tu, kila moja na chumba chake, na ukizimaliza unafungua, unamwaga maganda, unajaza upya huku saa inakukimbia. Wanne hao walikuwa Opal, Mzee Denver Pruitt, na mapacha wa ukoo wa Stutz, wazee wa miaka sabini ambao hakuna aliyewahi kumsikia mmoja akimaliza sentensi bila kusaidiwa na mwenzake. Zamani walikuwa watano. Wa tano alihamia Florida kupumzisha magoti.

Na sheria ya klabu ilikuwa fupi: kundi lolote ambalo katika shindano la Oktoba halina watu watano waliomaliza vituo vyote sita na kutia sahihi kadi zao, linafutwa ubaoni. Kushinda si lazima. Kulenga vizuri si lazima. Kumaliza tu. Wakifutwa, wale wanne wangepangwa pamoja na watu wa bastola, na mtu wa risasi sita kushindana na mtu wa risasi kumi na saba ni sawa na kumpeleka kobe kwenye mbio za punda. Kip Mazur, kiongozi wa watu wa bastola, alikuwa keshaipima meza yao kwa futi aone kama jiko la soseji litaenea pale.

Opal aliuliza kila mtu kwenye njia yake ya barua. Alimuuliza daktari wa meno. Alimuuliza mchungaji. Alimuuliza mjane mmoja anayefuga alpaka, wanyama wa sufu kama ngamia wadogo, ambaye alimjibu kwamba kelele zitawaharibia alpaka usingizi. Wote walikataa. Trent alikubali kabla swali halijaisha.

Kaunta ya bunduki ilikuwa nyuma kabisa ya duka la chakula cha mifugo, baada ya magunia ya pumba na ndoo za chumvi ya kulamba. Mwenye kaunta alikuwa Mzee Denver yuleyule, suruali yake ikishikiliwa na mikanda ya mabegani. Alimtazama Trent kuanzia viatu hadi miwani ya jua, akamgeukia Opal kwa macho ya kusema: ndiye huyu?

Opal akashusha kope. Ndiye huyu.

"Nataka ile," alisema Trent, akinyoosha kidole kwenye rivolva ndogo kama kipande cha sabuni kilichobakia bafuni. Aliichukua, akairusharusha mkononi. "Ona! Nyepesi kama simu. Nitazunguka nayo siku nzima bila kuchoka."

"Hiyo ni ya kuweka mfukoni na kumwomba Mungu usiihitaji," alisema Denver. "Bunduki nyepesi inapiga teke, mwanangu. Jumamosi utapiga risasi zaidi ya sabini. Ukifika ya thelathini, kiganja kitaomba uhamisho."

Trent akairudisha haraka, kana kwamba hakuwa ameitaka. Kidole kikahamia kwenye lirivolva moja refu, jeusi, lenye mtutu ambao ungeweza kukaangia yai.

"Basi lile."

"Una ugomvi na dubu?" aliuliza Opal.

"Nataka nguvu, Shangazi."

"Shabaha zetu ni makatoni. Na visahani vya chuma. Hakuna katoni lililowahi kumrukia mtu."

Denver akakohoa, kikohozi chenye kicheko ndani. Hapo Opal akaona heri amalize kazi, maana barua za watu zilikuwa zikimngoja garini. Akamweleza Trent kwa lugha ambayo hata alpaka wangeielewa: chukua ya chuma kitupu, nzito, ili uzito umeze teke. Mtutu wa inchi nne au zaidi kidogo. Risasi za kawaida, za kipimo cha thelathini na nane, zisizokutoa machozi. Kishikio kienee mkononi mwako bila kukisaidia. Halafu vuta triga mara hamsini hapahapa dukani, bila risasi, maana kwenye rivolva mkono wa mtu unahukumiwa na triga.

Denver akatoa chini ya kaunta rivolva kuukuu iliyowahi kuwa ya polisi, rangi imekwanguka pembeni kwa miaka ya kuingia na kutoka alani. Akaweka sarafu ya senti moja juu ya mtutu, kama wanavyowafanyia wanafunzi wote pale Tanner Ridge.

"Vuta triga. Sarafu isianguke."

Trent akavuta. Sarafu ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya magunia. Ya pili ikaanguka. Ya sita ilipoanguka, Denver akasema hana senti zaidi.

"Triga nzito hii," alisema Trent, jasho likimtoka juu ya mdomo. "Kama kufungua mlango wa benki. Tena, mzee, samahani, hiki kitu ni cha makumbusho. Mimi niwekee ile ya pale, ile inayong'aa."

Ile inayong'aa ilikuwa ya chuma kitupu, mtutu wa inchi nne, risasi za thelathini na nane, kishikio kizuri cha mpira. Trent alipokuwa akijaza fomu, Denver akamwinamia Opal sikioni.

"Amechagua vizuri."

"Kwa bahati tu," alisema Opal.

"Vipofu nao huokota sarafu."

Mambo yangeishia hapo, na hadithi ingekuwa fupi na yenye heshima. Lakini mtu aliyeangalia video arobaini na moja hashindwi kuangalia ya arobaini na mbili.

Jumatano Opal alisimamisha gari la barua mbele ya nyumba ya Jolene, akamkuta Trent gerejini, meza imejaa skrubu, koleo mkononi, uso unang'aa kama wa mama aliyejifungua salama.

"Shangazi, njoo! Njoo uvute triga hii. Njoo tu."

Opal akahakikisha vyumba vyote sita ni vitupu, akaelekeza mtutu chini, akavuta. Triga ikaja bila ubishi, laini, kama kuvuta uzi kwenye sweta. Nyundo ikaanguka kwa aibu: tik.

"Umefanya nini?"

"Nimekata springi ya nyundo. Mizunguko miwili na nusu. Ilikuwa inaninyima uhuru. Sasa sarafu haianguki hata nikikohoa!"

Opal akaitazama ile nyundo. Mtu wa rivolva yeyote angejua palepale. Nyundo ikikosa springi yenye nguvu, hugonga fataki iliyo kitakoni mwa risasi kama mgeni anayebisha hodi huku akiomba asisikike. Zipo risasi za fataki laini, ambazo huitika hata hodi ya namna hiyo. Opal mwenyewe alikuwa na makasha manne kabatini kwake. Lakini juu ya friji ya Trent kulikuwa na makasha ya risasi rahisi za dukani, na fataki za risasi zile ni ngumu kama kichwa cha mwenye nyumba.

"Umejaribu kupiga?" aliuliza.

"Mara mia mbili! Sebuleni."

"Na risasi?"

"Shangazi, sebuleni na risasi? Jolene aniue?"

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi wa Opal. Lilikuwa neno fupi: badili risasi. Lingechukua muda mdogo kuliko kulamba stempu. Lakini Trent akawahi kuufungua mdomo wake.

"Ile rivolva yako, kusema kweli, imechoka. Siku ukitangulia mbele ya haki, tutaitumia kuzuilia mlango wa gereji." Akacheka, akampiga bega. "Utani tu, Shangazi!"

Opal akalimeza neno. Akamkabidhi bili ya umeme na katalogi ya mabomba, akamtakia mchana mwema, akaondoka. Alicheka peke yake garini mpaka kwenye sanduku la barua la tatu. Kwenye la nne kicheko kikapungua kidogo, maana alikumbuka wako wangapi kwenye kundi. Kisha akajituliza: sheria inasema amalize tu, haisemi apige. Atamaliza. Ataaibika, na atamaliza. Akaendelea kucheka.

Jumamosi ikaja na baridi ya asubuhi na jua la baadaye. Kip Mazur alivaa fulana yenye jina lake mgongoni, lisije likasahaulika. Watu wa rivolva walipangwa kuanza kituo cha kwanza, na nusu ya watu wa bastola walisogea na vikombe vyao vya kahawa kumwona mtu mpya wa makumbusho.

Opal akapiga wa kwanza: sita, akamwaga, akajaza, sita. Mapacha wakapiga. Denver akapiga polepole, kama mtu anayegonga mihuri, wala hakukosa hata moja. Ndipo Trent akaingia mstarini, miguu kaitanua, kidevu mbele. Saa ikalia.

Tik.

Akavuta tena. Tik. Tena. Paa! Katoni likapata tundu pembeni, sehemu ambayo kwa binadamu ingekuwa hewa. Tik. Tik. Paa!

Sita zikaisha, mbili zikawa zimelia. Akazimwaga zile nne nzimanzima chini, zinang'aa kama sarafu za harusi, akajaza nyingine. Tik, tik, tik.

"Anazibembeleza!" alisema mtu mmoja nyuma.

"Hapana, anatuma ujumbe kwa simu ya upepo," alisema mwingine.

Kip hakucheka kwa sauti. Alifanya vibaya zaidi: alimsikitikia. "Taratibu, bwana mdogo. Hizo mashine za zamani zina mambo yake."

Kituo cha pili, ikalia moja. Kituo cha tatu, mbele ya visahani sita vya chuma, rivolva nzuri ya chuma kitupu iliita tik mara thelathini, na visahani vyote vikabaki vimesimama vikimtazama. Sasa hakuna aliyetania tena. Watu walikuwa wakitazama viatu vyao, wanafinya midomo, mabega yanawatetemeka.

Trent akafungua silinda, akamwonyesha mwamuzi kwamba ni tupu, akairudisha rivolva mfukoni mwa begi, akafunga zipu. Akaelekea maegeshoni.

Opal akamwangalia anavyokwenda. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, hakuona cha kuchekesha. Vituo vitatu vilikuwa vimebaki. Kip naye alikuwa ameona, na tayari alikuwa anaiangalia ile meza yao kwa jicho la mpangaji mpya.

Alimkuta Trent ameshakaa kwenye pikapu yake, funguo mkononi.

"Naenda nyumbani. Nina mteja."

"Oktoba?" alisema Opal. "Anataka kuogelea?"

Neno lilitoka lenyewe. Trent akawasha injini.

"Ngoja! Trent. Ngoja, mkwe wangu, nimetania. Bado vituo vitatu tu. Bunduki ikiharibika unaruhusiwa kutumia ya mwenzako. Chukua yangu."

"Ya kuzuilia mlango?"

"Hiyohiyo."

Hakuizima injini. Alikaa akiangalia usukani, na bila miwani ile ya jua alionekana kijana kuliko alivyokuwa dukani.

"Wananicheka," alisema.

"Wanakucheka, ndiyo."

"Na wewe ulijua. Jumatano. Ulivuta triga ukaangalia juu ya friji, ukaangalia risasi zangu. Halafu ukanipa bili ya umeme." Akamgeukia. "Sikuelewa wakati ule. Leo kwenye visahani nimeelewa."

Opal hakuwa amemtarajia mtu huyu kuona kitu chochote, na ilimuudhi kwamba alikuwa ameona hicho.

"Nilijua," alisema.

"Basi nitamaliza. Kwa sharti. Uende pale mezani, mbele ya Kip na wote, useme kazi niliyofanya kwenye ile springi ni kazi ya fundi. Useme kosa ni la risasi."

"Hiyo siyo—"

Trent akaweka gia.

Kuna watu wanaoweza kusema uongo kama wanavyopiga chafya, unatoka na wanaendelea na mambo yao. Opal hakuwa mmoja wao. Katika maisha yake yote alikuwa amemdanganya mtu mara chache, na hajawahi kumdanganya mtu kuhusu rivolva. Alirudi kutoka maegeshoni, hatua themanini, Trent nyuma yake kama hakimu anayesindikiza mfungwa. Kip alikuwa kwenye jiko la soseji, ameshika koleo la kugeuzia. Denver alikuwa anakunywa kahawa. Mapacha walikuwa wanakula yai moja, nusu kwa nusu.

"Jamani," alisema Opal. Sauti ikakwama, akaisukuma. "Ile springi ya Trent. Nimeikagua. Ni kazi ya fundi. Kosa ni la risasi."

Hata soseji zilikuwa kama zimeacha kukaangika.

"Ya fundi?" aliuliza Kip.

"Ya fundi."

"Opal ana—" alisema pacha mmoja.

"—homa," alisema wa pili.

Denver aliivua kofia yake, akaangalia ndani, akaivaa tena, jambo ambalo Opal alikuwa amemwona akilifanya makaburini tu.

"Asante, Shangazi," alisema Trent kwa upole mkubwa, na akanyoosha mkono apewe rivolva.

Kishikio kilikuwa kidogo kwa kiganja chake, kidole chake cha mwisho kikaning'inia hewani kama cha bibi anayekunywa chai. Lakini triga ile ilikuwa imevutwa na mkono mmoja kwa miaka ishirini na miwili mpaka ikawa na adabu, na nyundo yake ilipobisha hodi, fataki iliamka. Paa, paa, paa. Kituo cha nne akapata makatoni mawili kati ya sita. Cha tano akapata matatu, moja likiwa ambalo hakulilenga. Kwenye visahani vya mwisho akaangusha kimoja, kikalia ting, naye akageuka kutazama watu, meno nje, huku saa bado inahesabu.

"Piga, wewe!" Opal alimfokea. "Saa haipigi picha!"

Mwamuzi alisema hajawahi kuandika muda mrefu namna ile, na akauliza kama ajumlishe saa au siku. Haikujalisha. Trent alitia sahihi kadi yake kwa herufi kubwa zenye mikia, kama anayetia sahihi mkataba wa kumaliza vita. Kip akaenda ubaoni, akasimama kidogo, kisha akaandika, kwa chaki na kwa kinyongo: Rivolva, watu watano. Kundi linaendelea mpaka Oktoba ijayo.

Walikula mezani kwao, meza yao, saladi ya viazi na maharage na mkate wa mahindi. Trent alijikalisha katikati. Alikuwa ameirudisha rivolva ya Opal baada ya kuifuta kwa fulana yake, na kwa dakika moja nzima Opal akafikiri labda mtu huyu anaweza kuvumilika, kama baridi inavyovumilika ukishavaa vizuri.

"Nimewaza jambo," alisema Trent, mdomo umejaa maharage. "Nyie wote triga zenu nzito. Nimeisikia ya Shangazi leo, maskini, kama kuvuta ng'ombe. Sasa kwa kuwa mmekubali wenyewe kwamba kazi yangu ni ya fundi, mwezi ujao nakuja na vifaa vyangu. Nawakatia springi nyote. Bure! Sisi ni familia."

Pacha mmoja akaweka kiganja juu ya begi lake. Wa pili akaweka juu ya kiganja cha mwenzake. Denver akamgeukia Opal, akasubiri, kijiko kimesimama hewani. Watu wa bastola kwenye meza ya jirani nao walikuwa wameacha kutafuna, na Kip alikuwa ameinamisha sikio.

Opal alikuwa na majibu saba. Aliyahisi yote yamejipanga, moja tamu kuliko jingine, na la tatu lilikuwa linamhusu Trent, bwawa la kuogelea, na jiwe. Akaangalia ubaoni. Akahesabu: watano.

"Tutaona, mkwe wangu," alisema, akalivuta begi la rivolva yake kutoka mezani, akaliweka kwenye benchi, na akalikalia.